PASIPOFUKA MOSHI: CHOMBO CHA UMEME, MAZINGIRA NA LUGHA YA MWENDESHAJI NCHINI KENYA

Ikisiri

Makala hii inachunguza athari za kimazingira za magari na pikipiki za umeme nchini Kenya pamoja na vizuizi vinavyochelewesha kupokewa kwa vyombo hivyo. Hoja kuu ni kwamba sifa ya kutokuwa na moshi ni ya kweli lakini si ukweli wote. Moshi hupungua kwa kiasi kikubwa, hasa katika nchi ambayo umeme wake mwingi hautokani na makaa ya mawe wala mafuta. Hata hivyo, sehemu ya madhara huhamia migodini na kwenye majaa ya betri kuukuu. Aidha, makala inadai kuwa miongoni mwa vizuizi vya upokezi kipo kimoja kisichotajwa sana, nacho ni lugha. Mwendeshaji wa bodaboda huombwa akiamini chombo ambacho masharti yake hayakuandikwa kwa lugha anayoimiliki. Kwa hivyo, wasomi wa Kiswahili wana kazi mahususi katika suala hili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi hapakosi moto. Kwa vizazi na vizazi methali hii imetufunza kuwa kila dalili ina chanzo chake. Katika miaka ya hivi karibuni, hata hivyo, barabara za Nairobi zimepata chombo kinachotulazimisha kuigeuza methali hiyo na kuitazama upande wa pili. Ni pikipiki isiyofuka moshi, isiyonguruma, na ambayo ubavuni imebandikwa maneno ya kusifu hewa safi. Swali linalozuka ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa: pasipofuka moshi, je, hapana moto?

Mwandishi wa makala hii si mhandisi wala mwanauchumi. Ni mwanafunzi wa fasihi, na yamkini msomaji atauliza ni lipi lililompeleka kwenye mambo ya mota na betri. Jibu ni kisa cha nyumbani. Binamu yake, mwendeshaji wa bodaboda katika mtaa wa Kawangware, alimjia jioni moja akiwa na mkataba wa kurasa tisa wa kuchukua pikipiki ya umeme kwa mkopo. Mkataba wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. "Kaka, wewe ndiwe msomi wetu," alisema, "nisomee uniambie kama niweke sahihi." Mwandishi aliupitia mkataba kwa haraka, akaona hesabu ya malipo ya kila siku inaingia akilini, akamwambia aweke. Yaliyofuata tutayarejelea katika sehemu ya sita. Kwa sasa yatosha kusema kuwa makala hii ni jaribio la kuusoma mkataba ule upya, na kwa upana zaidi.

2.0 Majina na moshi uliomo ndani yake

Kabla ya kupima athari za chombo, ni vyema tuyatazame majina, kwa maana lugha huhifadhi kumbukumbu ya jinsi watu walivyovipokea vyombo vigeni. Treni ilipoingia pwani na bara, Waswahili waliiita gari la moshi, jina ambalo kamusi zimeliunganisha likawa garimoshi. Waliitambua kwa kile kilichoonekana toka mbali. Jina limedumu hata pale ambapo moshi umetoweka. Nchini Tanzania, treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na mzee akiiita gari la moshi hakuna atakayemkosoa.

Pikipiki nayo ilipewa jina kwa mwigo wa sauti. Pikipiki ya umeme haitoi sauti hiyo, nalo jina limebaki kama ganda la konokono aliyekwisha kuhama. Jambo hili si la kuchekesha tu. Mtembea kwa miguu aliyezoea kukisikia chombo kabla ya kukiona sasa hana budi kugeuza shingo.

Neno la tatu ni stima. Kamusi hulifafanua kama meli iendayo kwa nguvu ya mvuke. Hapa Kenya neno hilo limekuwa jina la umeme wenyewe, na taa zikizimika tunasema stima imepotea. Waendeshaji wengi hawasemi "pikipiki ya umeme", husema "ya stima." Kama tutakavyoona, bila kukusudia, neno hili la mitaani linatupeleka karibu na ukweli wa kisayansi kuliko matangazo mengi.

3.0 Moshi unaoondoka barabarani

Tuanze na yale mema, maana haki haikai upande mmoja. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyosalia hupotea kama joto. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya robo tatu ya nishati inayopewa. Fauka ya hayo, mwendeshaji anapofunga breki, mota inaweza kugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Katika barabara kama Jogoo au Ngong, ambako chombo husimama na kuondoka mara mamia kwa siku, faida hii si haba.

La pili ni hewa tunayovuta. Bomba la dizeli hutoa chembechembe za masizi na gesi za naitrojeni zinazodhuru mapafu, na wanaozivuta kwanza ni wale walio karibu na bomba: mwendeshaji, utingo, mchuuzi wa kando ya barabara na mtoto aendaye shule kwa miguu. Chombo cha umeme hakina bomba. Ni kweli kuwa matairi yake huendelea kusagika na kuacha vumbi barabarani, lakini masizi ya injini huwa yameondoka.

La tatu, na ambalo ndilo kiini cha suala la Kenya, ni chanzo cha umeme. Gari la umeme ni safi kwa kadiri ya umeme unaolilisha. Nchini Afrika Kusini, ambako umeme mwingi bado hutokana na makaa ya mawe, gari kama hilo huondoa moshi mjini na kuuongeza kwenye dohani la mtambo. Hapa kwetu hali ni tofauti. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na vyanzo jadidifu: mvuke wa ardhini wa Olkaria, uliotumika kuzalisha umeme tangu mwaka 1981, maji ya Mto Tana katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, upepo wa Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ambako mitambo 365 ina uwezo wa kutoa megawati 310, na jua, kama lile la Garissa.

Hapa ndipo neno stima linaporudi nyumbani. Mvuke wa Olkaria haulali. Saa nane za usiku, watu wakiwa wamezima taa na viwanda vingi vimetulia, visima huendelea kutoa mvuke, na kuna nyakati ambapo sehemu yake huachwa ipotee angani kwa kukosa mtumiaji. Pikipiki inayochajiwa saa hizo inakula kile ambacho kingetupwa. Ama kwa hakika, ni chombo cha stima kwa maana zote mbili za neno.

Hata hivyo, tusizidishe sifa. Ukame ukizidi na maji ya mabwawa yakapungua, mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu, Mombasa, hutegemewa zaidi. Isitoshe, saa za jioni, kati ya magharibi na usiku wa saa nne, gridi ya taifa huwa tayari imelemewa na mapishi, taa na runinga. Maelfu ya betri yakichomekwa saa hizo, yatavuta umeme ulio ghali zaidi na ulio mchafu zaidi. Umeme safi pia una ardhi yake: mwaka 2014 baadhi ya jamii za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mtambo wa Olkaria IV.

4.0 Moshi unaohamia kwingine

Sasa tuufuate moshi usioonekana. Gari la umeme huzaliwa na deni. Kutengeneza betri kubwa ya lithiamu huhitaji nishati nyingi, kiasi kwamba siku linapotoka kiwandani, gari la umeme huwa limekwisha kusababisha hewa ukaa nyingi kuliko gari la petroli la ukubwa uo huo. Deni hilo hulipwa polepole barabarani. Palipo na umeme safi, hulipwa mapema; palipo na umeme wa makaa ya mawe, huchukua muda mrefu zaidi. Betri ya pikipiki ni ndogo sana ikilinganishwa na ya gari, nayo bodaboda hufanya kazi kutwa nzima. Kwa hivyo deni lake hulipika upesi. Hii ndiyo sababu mwandishi anaona kuwa Kenya imeanza mahali panapofaa, yaani kwenye pikipiki na mabasi ya abiria badala ya magari ya kifahari yanayoshinda yameegeshwa.

Lakini lipo deni lisilolipwa kwa hewa safi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa ulimwenguni hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususan mkoa wa Lualaba ambao makao yake makuu ni Kolwezi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, Kolwezi si mahali pa mbali. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, na kule Katanga ya zamani ndiyo lugha ya soko, ya kanisa na ya mgodi. Tunapofundishwa lahaja, tunaambiwa kuwa wasemaji wa huko husema batoto pale tusemapo watoto. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti kuhusu wachimbaji wadogo wa kobalti wa kusini mwa Kongo, watoto wakiwa miongoni mwao, ambao hufanya kazi kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo wala hewa ya kutosha. Batoto hao ni wasemaji wenzetu. Anayeteta kuhusu hewa ya Nairobi kwa Kiswahili sharti akumbuke kuwa yupo anayekohoa vumbi kwa Kiswahili.

Ili hoja hii isitumiwe vibaya, mambo mawili yasemwe. Kwanza, si kila betri ina kobalti. Zipo betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli. Ni aina hii inayotumiwa na kampuni ya BYD ya China, ambayo mabasi yake ya umeme yaliletwa Nairobi na BasiGo mwaka 2022. Mnunuzi anayeuliza betri imetengenezwa kwa nini anauliza swali la kimaadili, wala si la ufundi peke yake. Pili, petroli nayo ina Kolwezi yake. Mwandishi Ken Saro-Wiwa alinyongwa nchini Nigeria mwezi Novemba 1995 baada ya kuwatetea watu wa Ogoni ambao mashamba na mito yao iliharibiwa na mafuta. Kwa hivyo, mizani yetu isipime uchafu wa betri dhidi ya usafi wa kubuni. Ipime chombo kimoja dhidi ya kingine, kuanzia shimo la mgodi hadi jaa la taka.

Na hilo jaa tunalijua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu za magari kiliendesha shughuli zake kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na wakazi, watoto wakiwemo, wakapatikana na sumu ya risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati za kijiji hicho, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwezi Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ulipingwa katika Mahakama ya Rufani, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi Desemba 2024. Lugha yetu iliita madini haya kwa jina lile lile la kile kitokacho kwenye bunduki, na kule Owino Uhuru hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Betri za lithiamu si za risasi, na sumu zake si zile zile. Funzo, hata hivyo, linafanana: chombo hakina budi kuhesabiwa hadi mwisho wa maisha yake. Betri iliyochoka kwa pikipiki bado inaweza kuhifadhi umeme wa jua nyumbani kwa miaka kadhaa kabla ya kuvunjwavunjwa na madini yake kutumiwa upya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kutumika. Swali ni iwapo sheria hiyo itafika Dandora kabla ya betri zenyewe kufika.

5.0 Vizuizi vya upokezi

Mwezi Oktoba 2023 bei ya lita moja ya petroli jijini Nairobi ilizidi shilingi 217. Mtu angetarajia kuwa kila mwenye pikipiki angekimbilia umeme. Haikuwa hivyo, na sababu zake ni hizi.

5.1 Bei na umiliki

Betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya chombo. Ili kupunguza mzigo, kampuni nyingi humuuzia mwendeshaji pikipiki bila betri, kisha akawa anazibadilisha betri vituoni kwa malipo. Mfumo huu uliotumiwa Kigali na kampuni ya Ampersand tangu mwaka 2019 una busara yake: kubadilisha betri ni kazi ya dakika chache, na hofu ya betri kuzeeka hubaki kwa kampuni. Lakini una kitanzi pia. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Hivyo mwendeshaji hufungwa kwa mwuzaji mmoja mithili ya mkulima aliye na soko moja.

5.2 Kodi isiyotabirika

Historia ya bodaboda inatufundisha nguvu ya kodi. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na miaka iliyofuata zikajaa nchini kama kumbikumbi baada ya mvua. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaleta nafuu zaidi, zikiwemo za mabasi ya umeme na betri za lithiamu. Tatizo ni kwamba nafuu hizi huwekwa mezani upya kila mwezi Juni unapowadia. Mwekezaji hujenga kwa miaka kumi. Bajeti husomwa kila mwaka.

5.3 Vituo na stima inayopotea

Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja mkuu wa ndege ukakumbwa na giza. Mwenye petroli kwenye tangi aliendelea na safari. Kumbukumbu ya usiku kama ule humshauri mwendeshaji kuliko tangazo lolote. Aidha, vituo vingi viko Nairobi na miji mikubwa. Anayebeba wagonjwa kutoka kijijini hadi zahanati, kilomita arobaini za vumbi kila upande, hawezi kutegemea betri ambayo kituo chake kiko mjini. Serikali iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo mwezi Aprili 2023, bei ya usiku ikiwa takriban nusu ya ile ya saa nyingine. Hatua hii ni ya busara, maana inamsukuma mwendeshaji kuelekea ule mvuke usiolala.

5.4 Mitumba na mafundi

Magari mengi ya Kenya huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, nayo sheria hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Anayenunua gari kuukuu la umeme hununua pia betri iliyochakaa bila kujua kiasi cha uchakavu wake. Kisha lipo suala la fundi. Mafundi wa Grogan, Nairobi, huijua injini kwa kuisikiliza tu. Mbele ya chombo kisichonguruma na kinachohitaji tarakilishi ili kuchunguzwa, ujuzi huo wa miaka thelathini huwa kama nahau ya lugha iliyokufa. Fundi anayeona kuwa umeme unamnyang'anya unga hatausifu kwa wateja wake, na mwendeshaji humwamini fundi kuliko gazeti.

6.0 Lugha ya mkataba

Nchi mbili za kanda yetu zilichagua njia ya amri. Ethiopia ilipiga marufuku uagizaji wa magari yasiyo ya umeme mwaka 2024. Rwanda ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zitasajiliwa tu zikiwa za umeme. Kenya haijatumia amri, imetegemea ushawishi. Ushawishi ni kazi ya lugha, na hapo ndipo taaluma yetu inapoingia.

Turejee kwa binamu. Miezi mitatu baada ya kuweka sahihi, alichelewa kulipa kwa siku mbili kwa sababu ya matanga. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, alimpakia mama mmoja aendaye Marikiti kununua mboga. Pikipiki haikuwaka. Hakuna waya uliokatika wala betri iliyokwisha. Ilikuwa imezimwa kutoka mbali na watu asiowaona. Yule mama alishuka, akatafuta bodaboda nyingine. Mwandishi alipoutafuta mkataba, aliliona sharti hilo kwenye ukurasa wa sita, limeandikwa kwa sentensi moja ndefu. Ni yeye aliyelipita. Binamu hakulalamika, alisema tu, "Ungeniambia, kaka, ningelikopa kwa chama nilipe siku ile." Neno hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Kampuni haikuvunja mkataba. Hata hivyo, mkataba usioeleweka na mmoja wa waliouweka sahihi ni mkataba nusu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tukiziweka ibara hizi mbili pamoja, hitimisho ni kuwa habari isiyoeleweka haijatolewa.

Kazi ya mwanaisimu na mwanafasihi hapa haiishii kwenye kuunda istilahi za kupendeza warshani. Ni kuyasikiliza maneno yaliyoko mitaani na kuyatumia kwa uaminifu. Mwandishi anapendekeza yafuatayo kwa mjadala:

(a) Betri ya kupanga. Waendeshaji wengi huchanganya mkopo na ukodishaji. Hudhani malipo yakiisha betri itakuwa yao. Kila Mkenya anajua tofauti ya nyumba ya kununua na nyumba ya kupanga. Kauli "pikipiki ni yako, betri ni ya kupanga" inamaliza utata huo kwa maneno saba.

(b) Mwendo wa chaji moja. Huu ni umbali ambao chombo kitaenda kabla ya kuhitaji betri nyingine. Utajwe ukiwa na abiria na mlimani, si kwenye tambarare bila mzigo.

(c) Uchakavu wa betri. Betri huchoka jinsi mtu anavyochoka. Mnunuzi wa mtumba aambiwe imechoka kiasi gani.

(d) Kuzimwa kutoka mbali. Sharti hili liandikwe kwa maneno haya haya, ukurasa wa kwanza, kabla ya nafasi ya sahihi.

(e) Kisicho na moshi. Sifa hii ibaki, kwa kuwa ni ya kweli. Ila isibadilishwe kuwa "kisichochafua mazingira," kwa kuwa hiyo si kweli kwa chombo chochote kilichotengenezwa na binadamu.

Upo uwezekano wa mtu kudai kuwa kuwafunulia watu habari za Kolwezi, za betri kuukuu na za kuzimwa kutoka mbali kutawatisha wasipokee chombo kilicho bora kuliko cha zamani. Mwandishi anaona kinyume chake. Mwendeshaji wa bodaboda ni mtu wa hesabu. Kinachomfukuza si ubaya aliouambiwa mapema, bali ule aliougundua mwenyewe saa kumi na moja alfajiri abiria akiwa mgongoni. Akigundua mmoja, wenzake hamsini wa kijiweni huusikia kabla ya adhuhuri.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa chombo cha umeme kina nafasi njema nchini Kenya kuliko katika nchi nyingi, kwa sababu kinalishwa na mvuke, maji, upepo na jua. Imeonyesha pia kuwa madhara yake hayakuisha bali mengine yamehamia kwa watu tusiowaona, baadhi yao wakiwa wasemaji wa lugha yetu. Vizuizi vya bei, kodi, vituo na ufundi vinahitaji serikali na wawekezaji. Kizuizi cha lugha kinatuhitaji sisi.

Je, pasipofuka moshi hapana moto? Moto upo. Umo ndani ya betri, umo chini ya ardhi ya Olkaria, umo katika tanuri la kiwanda cha mbali. Moto si dhambi. Tumepika nao tangu jadi. Lililo muhimu ni kila anayeota moto huo aambiwe uliko, kwa lugha anayoielewa. Binamu amemaliza sasa kulipa deni lake na pikipiki ni yake. Betri bado ni ya kupanga. Mkataba wa mwenzake wa kijiweni uliletwa kwa mwandishi mwezi uliopita. Safari hii ulisomwa wote, kurasa kumi na moja, kwa sauti, kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilichukua jioni mbili.

Maswali ya mjadala

1. "Gari la umeme ni safi kwa kadiri ya umeme unaolilisha." Jadili kauli hii ukilinganisha Kenya na nchi nyingine unayoifahamu.

2. Majina garimoshi, pikipiki na stima yanatufunza nini kuhusu namna jamii inavyopokea vyombo vigeni? Toa mifano mingine mitatu.

3. Chagua mkataba wowote wa mkopo unaotumika mtaani kwenu. Tafsiri sharti lake lililo gumu zaidi kwa Kiswahili ambacho mwendeshaji wa bodaboda atakielewa akisomewa mara moja.

4. Je, msomi wa Kiswahili ana wajibu gani kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kolwezi? Tetea jibu lako.